Ahmedabad: Mji wa kale wa India wenye alama ya mkono wa Mwafrika

Wapwani wengi wanaokwenda India huenda kwa matibabu au kununua bidhaa, wakarudi bila ya kuona zaidi ya hospitali na maduka. Anayepita jimbo la Gujarat na akabaki na siku mbili za ziada, azuru Ahmedabad.

Mji huu uliasisiwa mwaka 1411 na Sultan Ahmad Shah wa Kwanza, kando ya mto Sabarmati. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka 16 baada ya Mji wa Kale wa Lamu.

Msikiti wa Sidi Saiyyed

Msikiti huu mdogo ulijengwa mnamo 1573 na Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyekuwa katika jeshi la masultani wa Gujarat. Sifa yake ni madirisha ya mawe yaliyotobolewa kwa nakshi. Moja linaonyesha mti ambao matawi yake yamesokotana hadi yakajaza dirisha zima. Aliyezoea nakshi za milango ya Lamu atasimama hapo kitambo. Nakshi hiyo ndiyo iliyotumiwa katika nembo ya chuo maarufu cha usimamizi cha mjini humo.

Sidi ni jina wanaloitwa watu wa asili ya Afrika nchini India. Wengi walipelekwa wakiwa watumwa. Wengine walikuwa askari na mabaharia, na baadhi yao wakapanda vyeo. Vizazi vyao wangali Gujarat, wanazungumza Kigujarati, na ngoma yao huiita goma. Watoto wetu husoma kuwa Wahindi walikuja kujenga reli. Wafunzwe pia kuwa Waafrika walivuka bahari hiyo hiyo na kuacha majengo ambayo India inajivunia mpaka leo.

Mengine ya kuona

Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika 1424, una nguzo zipatazo 260. Karibu yake ni Manek Chowk, soko ambalo mchana huuza vito na usiku hugeuka uwanja wa vyakula, vingi visivyo na nyama. Mitaa ya kale, iitwayo pol, ina vichochoro vyembamba na nyumba za mbao zilizochongwa.

Ng'ambo ya mto yapo makazi ya Mahatma Gandhi. Hapo ndipo alipoanzia, tarehe 12 Machi 1930, matembezi ya kilomita zipatazo 390 hadi Dandi kupinga sheria ya Waingereza juu ya chumvi. Nje kidogo ya mji, Adalaj, kuna kisima cha ngazi chenye ghorofa tano kwenda chini, kilichokamilika 1499.

Kabla ya kusafiri

Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40. Tarehe 14 Januari mji mzima hupanda juu ya mapaa kurusha tiara.

Msafiri kutoka Kenya hutakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo idungwe si chini ya siku 10 kabla ya safari. Misikitini vua viatu na uvae nguo za heshima. Asiyekwenda kuswali aepuke nyakati za swala.