Nyumba ya rehani inapokaribia mnada: haki za mwenye nyumba Mombasa

KATIKA vichochoro vya Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, nyumba moja yaweza kuwa makao ya vizazi vitatu. Mwenye hati akiiweka rehani na kushindwa kulipa, wote huwa hatarini kuhamishwa.

Wengi hudhani benki haiwezi kuinadi nyumba bila amri ya mahakama. Hilo si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humruhusu mkopeshaji kuuza bila kwenda kortini, mradi amefuata hatua zilizowekwa. Kinga ya mwenye nyumba imo katika hatua hizo, hivyo bahasha ya benki haifai kuachwa mezani bila kufunguliwa.

Malipo yakikosekana kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kutoa notisi ya kwanza chini ya kifungu cha 90. Sharti itaje kosa lenyewe, kiasi kinachodaiwa, muda wa kulipa usiopungua miezi mitatu, na haki ya mdaiwa kuomba nafuu mahakamani. Muda huo ukipita, hufuata notisi ya kuuza, ya siku 40, ambayo nakala yake hupelekewa pia mume au mke aliyeridhia rehani. Kisha dalali, kwa mujibu wa Kanuni za Madalali za mwaka 1997, hutoa siku 45 za kuikomboa nyumba, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Hatua zote zikifuatana, huchukua zaidi ya miezi saba.

Ridhaa ya mwenzi si jambo dogo. Kifungu cha 79 chasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu iwapo mwenzi anayeishi humo ametia sahihi au kuna ushahidi kwamba alikubali. Mke ambaye hakushirikishwa ana hoja nzito mbele ya jaji.

Kisiwani kuna tatizo jingine, la urithi. Nyumba ambayo hati yake ingali kwa jina la marehemu haiwezi kuwekwa rehani na mrithi mmoja kabla ya mirathi kushughulikiwa, na mwenye fungu katika mali ya pamoja huhitaji idhini ya wenzake kwa maandishi. Nyumba ya wakfu hairehaniwi kabisa.

Riba nayo ina mpaka. Tangu Mei 2007, Sheria ya Benki huzuia riba kupita kiasi cha deni la msingi lililokuwapo mkopo ulipoacha kulipwa. Lakini mabishano kuhusu hesabu pekee kwa kawaida hayatoshi kumshawishi jaji kusimamisha mnada. Kasoro katika notisi hupewa uzito zaidi. Mkopeshaji pia ana wajibu wa kuithamini nyumba kabla ya kuiuza na kutafuta bei bora inayoweza kupatikana.

Haki ya kukomboa hudumu hadi nyundo ya dalali igonge. Baada ya hapo mnunuzi asiyehusika na ulaghai hulindwa na sheria, na aliyedhulumiwa hubaki na dai la fidia tu. Fedha zinazosalia baada ya deni na gharama kulipwa ni za mwenye nyumba, naye ana haki ya kuzidai.