Mkonge ulikuwapo kabla ya mkonge

Neno upote, wingi wake pote, lina maana ya uzi wa uta. Nimewauliza vijana wa Nyayo Highrise na majirani zao wa Kibera kama wanalijua, wapi! Wanasema "kamba ya upinde". Uta lenyewe wanalo nyumbani, maana Mkamba na Mkikuyu hulitumia hadi leo. Kilichopotea ni uzi wake.

Ajabu ni kwamba jamaa ya mmea uliotoa uzi huo wanaumwagilia maji kila wiki. Yale majani marefu, magumu, yenye mabakamabaka, yaliyopandwa mikebeni kwenye veranda za ghorofa, ni ndugu wa mkonge pori. Wataalamu wa mimea wamezoea kuuita Sansevieria. Jina lake la Kiingereza, ukilifasiri, ni katani ya upote.

Hapo ndipo historia inapopindwa. Tunafundishwa kwamba mkonge uliletwa na Wajerumani. Ni kweli kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Lakini mmea huo wenye asili ya Mexico ulilikuta jina likiusubiri. Wenyeji walikuwa na mkonge wao wa porini, wakampa mgeni jina la mwenyeji. Kilicholetwa ni mmea wa mashamba makubwa. Ujuzi wa kutoa nyuzi katika jani ulikuwa hapa.

Na ujuzi huo si haba. Jani bichi hulazwa juu ya ubao, likaparwa kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Huoshwa, zikaanikwa. Kisha mafungu mawili huviringishwa pajani kuelekea upande mmoja, halafu huachwa yajizungushe pamoja upande wa pili. Mizunguko hiyo inayopingana ndiyo inayouzuia uzi usifumuke. Wapo wawindaji waliopendelea kano za wanyama, ila kano hulegea zikilowa, na masika ya huku si mchezo.

Basi msiniandikie ati upote "husukwa". Nywele husukwa, mkeka husukwa, upote husokotwa.

Nao wahariri wa kamusi nawaomba jambo dogo tu: kidahizo "mkonge" kianze na ule wa porini, wa Hindorf ufuate.