Kichwa cha Msiri Kiko Wapi?

Nchi yetu ya Lualaba haikosi hadithi za mizimu. Nyingi hazina siku wala shahidi. Lakini iko moja iliyoanza mchana kweupe, na tarehe yake yajulikana. Ni hadithi ya kichwa cha Mfalme Msiri.

Msiri, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa, alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuja Katanga kununua shaba. Mwana akaifuata njia hiyo, akakaa, akawashinda majirani kwa bunduki na kwa hila, akasimamisha ufalme wa Wayeke huko Bunkeya, mashariki ya Kolwezi. Mali yake ilikuwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Tusimfanye malaika, wengi walilia chini ya mkono wake.

Tarehe 14 Desemba 1891 alifika Kapteni Stairs, mtu wa Kanada, ametumwa kumtwalia Mfalme Leopold nchi hii. Msiri akaikataa bendera yake. Tarehe 20 Kapteni Bodson akaenda kwake pamoja na askari. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri kwa bastola, akafa. Masuka, mtoto wa Msiri, akampiga Bodson naye, na jeraha lile likamwua. Ndipo kichwa cha mfalme kikakatwa, kikatundikwa juu ya mti ili watu wakione. Wayeke husimulia kwamba mwili waliopewa kuuzika haukuwa na kichwa.

Baadaye je? Wazee husema Stairs alikitia katika debe la mafuta ya taa, kikachukuliwa njiani, na kila aliyekibeba alikufa, hata mwisho Stairs mwenyewe. Wengine husema kimefukiwa chini ya kilima cha mawe, upande wa Zambia.

Kufa, walikufa kweli. Stairs alifariki tarehe 9 Juni 1892 huko Chinde, penye mlango wa mto Zambezi, hajatimiza miaka 29. Kapteni Bia, aliyefika Bunkeya mwezi mmoja hivi baada ya Msiri kuuawa, naye akafa mwaka ule ule. Na wapagazi wa Unguja na pwani (nani aliyeandika majina yao?) walitoka zaidi ya 300, wakarudi chini ya 200. Lakini tuangalie vizuri. Stairs aliuawa na malaria. Watu wa Bunkeya walikuwa wamekimbia na kuacha mashamba. Mvua ilikuwa nyingi na chakula hakuna. Njaa, homa na kuhara viliwamaliza wapagazi wengi palepale Bunkeya, kabla msafara haujaanza kurudi.

Basi laana ilitoka wapi? Mimi nadhani ilitoka kwa watu waliokosa baraza la kupeleka mashtaka yao. Nani angemhukumu kapteni wa Leopold mwaka 1892? Hakuwako hakimu, basi wakamwachia marehemu kazi hiyo.

Tukiiweka laana kando, neno moja zito labaki: yuko mtu aliyezikwa nusu. Na hayuko peke yake. Mwaka 1884 watu wa Kapteni Storms walimkata kichwa chifu Lusinga, karibu na ziwa Tanganyika. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, likakaa katika makumbusho miaka mingi. Jino la Patrice Lumumba nalo lilikaa huko hata Juni 2022, ndipo jamaa zake wakarudishiwa, likazikwa Kinshasa. Kuzika wafu ni tendo la huruma, twafundishwa hivyo tangu utoto, wala haikusemwa kwamba wafalme wakali hawamo.

Fuvu la Lusinga lilijulikana lilipo kwa sababu liliandikwa. Kichwa cha Msiri hakijaonekana hata leo, Ubelgiji wala Zambia. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka mfalme wao, na watoto huuliza swali lile lile waliloliuliza babu zao.