Chotara na Kinachofuata Baada Yake

Mkulima wa Afrika Mashariki analijua neno chotara kutokana na mahindi: mbegu ya dukani, hupandwa msimu mmoja, mwakani hununuliwa nyingine. Wapanda miti nao wanalo. Mkaratusi chotara uitwao GC ni zao la Eucalyptus grandis, unaokua upesi, na Eucalyptus camaldulensis, unaohimili ukame. Huzalishwa kwa vipandikizi, kwa kuwa miche ya mbegu zake hutofautiana sana. Wengine husema mahuluti, neno lenye asili ya Kiarabu, yaani kilichochanganywa. Nalipenda zaidi hilo la pili, maana chotara limetumika mno kuwadunisha watu, ingawa hapa nitalitumia chotara kwa kuwa ndilo lililozoeleka.

Hata hivyo, maneno yote mawili yanaishia kwenye kizazi cha kwanza. Na nyumbu, mwana wa punda na farasi, ametuzoesha kudhani kwamba kila chotara ni tasa. Miti mingi haiko hivyo.

Tazama mialoni ya Ulaya. Quercus robur huvumilia udongo unaotuama maji. Quercus petraea huhimili ukame vizuri zaidi. Enzi ya barafu ilipokwisha na barafu kuyeyuka, robur ilitangulia kaskazini, mbegu zake zikibebwa na ndege wa jamii ya kunguru. Petraea ikafuata kwa upepo: chavua yake ikaangukia maua ya robur, miti chotara ikaota, nayo ikachavushwa tena na petraea, kizazi hadi kizazi, mpaka petraea ikapata makao pale. Ushahidi umo katika kloroplasti, chembe za kijani za majani, ambazo mwaloni huzirithi kwa mama tu: ndani ya msitu mmoja, spishi hizo mbili mara nyingi zina kloroplasti za aina moja.

Tendo hilo, la jeni kuvuka kutoka spishi moja hadi nyingine kwa kupitia chotara, naliita upenyaji wa jeni. Si upenyezaji, kwa sababu hakuna anayezipenyeza. Chavua huzileta, na mazingira huamua zipi zibaki. Nalihitaji sana neno hili sasa, dunia inapozidi kupata joto. Mwaloni huishi mamia ya miaka na hauwezi kulikimbia joto. Kungoja badiliko jipya la jeni ni kungoja muda mrefu, ilhali jeni za kuhimili ukame, zilizokwisha kujaribiwa kwa jirani, zaweza kupenya kwa vizazi vichache.

Upande wa hasara wa upenyaji huo una neno tayari: kumezwa. Spishi adimu iliyozungukwa na majirani wengi inaweza kuchavushwa nao mpaka ukoo wake halisi ukatoweka, na kwa miti ya namna hiyo mhifadhi hana budi kuizuia chavua ileile ambayo kwingine angeikaribisha.