Utafutaji kwa maneno muhimu

Utafutaji kwa maneno muhimu ni njia ya kupata vitabu, makala na tasnifu katika kanzidata za maktaba kwa kuandika istilahi chache zinazobeba mada badala ya swali zima. Kwa kawaida mfumo hulinganisha herufi za msomaji na zilizomo kwenye anwani ya kazi, jina la mwandishi, ikisiri na vichwa vya mada.

Historia

Mantiki ya viunganishi vyake, AND, OR na NOT, ilianzia kwa mwanahisabati Mwingereza George Boole (1815–1864), aliyechapisha The Laws of Thought mwaka 1854 alipokuwa profesa Cork, Ireland. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza kutumia MEDLARS, mfumo wa kompyuta wa kutafuta maandishi ya tiba, mwaka 1964. Maombi ya utafutaji yalipelekwa kwa wataalamu, na majibu yaliweza kuchukua wiki kadhaa. MEDLINE, kanzidata ya mtandaoni, ilifuata mwaka 1971, na PubMed, tovuti ya kuitafuta, ikafunguliwa bure kwa umma mwaka 1997.

Viunganishi

AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza, NOT huondoa yenye neno lisilotakiwa, mara nyingine pamoja na yaliyohitajika. PubMed huvitaka kwa herufi kubwa. Mabano hupanga visawe: muhogo AND (Tanzania OR Tanganyika). Anayesahau Tanganyika hukosa maandishi mengi ya enzi ya ukoloni. Vivyo hivyo, "Maji Maji" ndani ya alama za mtajo hailazimiki kuleta Majimaji, tahajia nyingine ya jina hilohilo.

Kinyota na ngeli

Kinyota huwekwa baada ya shina ili kukusanya maneno ya jamii moja: teach* huleta teacher na teaching. Mbinu hii imeshonwa kwa kipimo cha Kiingereza. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni kufuata ngeli, hivyo muhogo* haigusi mihogo, wala mwalimu* haifikii walimu. Kinyota cha mbele, kama *alimu, hukataliwa na mifumo mingi. Pale alama ya kuuliza inaposimama badala ya herufi moja, m?hogo hunasa muhogo na mihogo, lakini mhogo, tahajia ya waandishi wengine, huponyoka. Njia ya uhakika, ingawa inachosha, ni kuandika kila umbo: kilimo OR mkulima OR wakulima.

Vichwa vya mada

Vichwa vya mada ni istilahi rasmi ambazo wakutubi huzitumia kutaja mada ya kila kazi. MeSH, orodha ya istilahi hizo kwa tiba, ilianza mwaka 1960.

Matumizi

Maktaba kadhaa za vyuo vikuu Kenya na Tanzania hutumia Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000.