Meli ya vita iliyopita Dodoma ndani ya makasha

Mwaka 1914 treni za mizigo zilizopanda kutoka Dar es Salaam kuelekea bara zilipita Ugogo zikiwa zimebeba meli nzima. Mtu aliyesimama kwenye stesheni ya Dodoma asingeitambua. Ilikuwa imefunguliwa vipande vipande na kupangwa ndani ya makasha yapatayo 5,000: mabamba ya chuma, mataruma, boila, injini, mabomba. Huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mafundi wa kiwanda cha Meyer Werft walikwisha kuiunga mara moja mwaka 1913 wahakikishe kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua tena. Meli hiyo ndiyo leo tunaiita Liemba.

Bila Reli ya Kati meli hiyo isingefika Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, umbali wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka pwani. Kabla yake, kila kilichovuka uwanda mkavu wa Ugogo kilivuka juu ya mabega ya wapagazi, na watawala wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa misafara iliyohitaji maji ya visima vyao. Boila ya meli haibebwi begani. Ilipita Gulwe, ikapita Dodoma na Bahi, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, ikaenda zake magharibi.

Wanaosimulia habari za Liemba huwataja Wajerumani watatu waliotumwa kuiunga upya Kigoma: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wanastahili kutajwa. Lakini waliopiga ribiti, walioburuta mabamba na kuchochea moto walikuwa mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, na majina yao hayasimuliwi popote. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza. Ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyelitawala koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki wakati Vita vya Maji Maji vinazimwa kwa damu na njaa.

Ilikusudiwa ichukue abiria na mizigo. Vita vikaifanya manowari. Manowari nyingine ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imekwama katika delta ya Rufiji na kuangamizwa Julai 1915. Mizinga yake kumi ikaopolewa na kusambazwa, na mmoja ukapelekwa bara hadi kwenye sitaha ya Götzen. Waingereza nao walivusha mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia misitu ya Kongo, na kwa mashua hizo wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani siku moja baada ya Krismasi ya 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari iliyofuata. Visa hivyo vimeandikiwa vitabu vingi huko Ulaya, sitavirudia. Götzen yenyewe haikuzamishwa na adui. Mzinga wake ulipohitajika kwingine, Wajerumani waliung'oa, wakaweka wa mbao wa kumtisha adui.

Mwisho ulikuja ndani ya wiki moja kwa Kigoma na kwa Dodoma. Usiku wa tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakijua Wabelgiji kutoka Kongo wanakaribia. Siku tatu baadaye, tarehe 29 Julai, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliyoshuka kutoka Kondoa Irangi yaliingia Dodoma na kuikata reli. Njia iliyoileta meli na ziwa lililoibeba vikaponyoka mikononi mwa Wajerumani karibu kwa pamoja.

Hapa ndipo historia ya meli hii, kama inavyosimuliwa mara nyingi, inapowaacha watu wa uwanda wa kati. Majeshi ya pande zote mbili yaliishi kwa nafaka na ng'ombe wa Ugogo, na vijana wakachukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya vita. Mvua zilipogoma, ghala zilikuwa tupu na mifugo imekwisha. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyokaza kati ya 1917 na 1920. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa, katika eneo lenye wakazi wapatao 150,000. Sioni namna ya kuihifadhi meli hii kwa heshima bila kuihifadhi na habari hiyo.

Meli yenyewe ilikuwa salama chini ya maji. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nene kila mahali ambapo kutu ingeweza kushika. Walitumaini kurudi. Wabelgiji walijaribu kuiopoa, wakaivuta hadi Kigoma, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua Machi 1924, miaka karibu minane baada ya kuzama, na walipoifuta ile grisi wakakuta injini na boila bado ni za kufaa. Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliliandika kuwa ni jina la ziwa lenyewe.

Tangu hapo haikuhudumia vita vyovyote. Iliwahudumia watu: Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji ambavyo vingi havikuwa na gati. Ilipopiga honi usiku, mitumbwi ilitoka gizani, ikabanana ubavuni, na kupitia mlango ulio karibu na usawa wa maji walipandishwa wazee, watoto, wajawazito, magunia ya dagaa na mahindi. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha wakimbizi wa Kongo makwao kwa makumi ya maelfu. Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko walikwama Kagunga, kijiji kisicho na barabara, kipindupindu kikiwaandama. Liemba ikawachukua kwa mamia kila safari hadi Kigoma.

Imefika umri huo kwa sababu kila kizazi cha mafundi kiliigusa. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Ikakarabatiwa tena miaka ya 1990 kwa msaada wa Denmark. Baada ya meli kusimama miaka kadhaa, Serikali iliingia mkataba wa kuifufua. Kwa muda mrefu wamekuwapo pia wanaotaka istaafishwe kabisa na kufanywa makumbusho yanayoelea.

Mifano ipo. HMS Belfast imetia nanga mtoni Thames, London, tangu 1971, na maveterani waliowahi kuitumikia wamekuwa miongoni mwa waliowasimulia wageni. Ulio karibu zaidi na wetu ni wa Yavari, meli iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la majini la Peru, ikapandishwa milima ya Andes vipande vipande juu ya nyumbu, ikaungwa kwenye ufukwe wa ziwa Titicaca. Iliachwa ikachakaa, hadi watu wachache wenye moyo walipoinunua na kuifanya makumbusho. Jirani zetu Uganda wana mfano wa kinyume: Robert Coryndon, meli iliyosifiwa sana enzi zake katika Ziwa Albert, ilizama bandarini Butiaba kwa mafuriko ya miaka ya 1960, ikaachwa ioze palepale.

Mimi nasimama na wanaotaka Liemba irudi kusafiri. Vijiji vya mwambao bado vinaihitaji, na meli inayofanya kazi hupakwa rangi, hukaguliwa na huwa na wafanyakazi. Lakini kusafiri hakuzuii kuhifadhi. Chumba kimoja chini ya sitaha kinatosha picha, ramani ya reli, kipande cha bamba lenye ribiti za 1915, na maelezo ya Kiswahili yanayotaja Mtunya pamoja na Papenburg.

Lipo jambo la kisheria linaloihusu Dodoma ya leo, makao ya Bunge na wizara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kwa kawaida cha baada ya hapo kinangoja Waziri akitangaze. Liemba ni ya 1913, na stesheni za kale za Reli ya Kati nazo ni za karne ya 20. Treni za umeme zimeanza kufika Dodoma tangu 2024, na majengo ya reli ya zamani yatazidi kupoteza kazi. Tangazo moja lingeweza kuziweka meli na stesheni zilizoipitisha chini ya ulinzi uleule.

Halafu kuna wazee. Waliokuwa vijana katika chumba cha injini wakati mvuke unaondolewa miaka ya 1970 sasa wana miaka sabini na themanini. Wanajua valvu ipi ilisumbua, nahodha gani aliijua miamba ya kusini, ribiti zipi zilibadilishwa na zipi ni za tangu mwanzo. Kurekodi sauti zao hakungoji kiwanda cha nje wala chelezo. Kunahitaji mtu mwenye kinasa sauti, nauli ya treni hadi Kigoma, na barua moja kutoka Idara ya Mambo ya Kale.