Wito na Mwitikio: Maneno ya Anga na Jina la Sanaa Mpya

Wafasiri wanaoshughulikia maandishi ya sayansi na utamaduni wamekwisha kukutana na kazi za sanaa ambazo hazitazamwi tu. Mtu huziingia, akazigusa au akazisemesha, nazo zikabadilika kwa kadiri ya tendo lake. Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, alitoa kazi iitwayo Osmose, ambamo mtu aliyefungwa vyombo machoni na kifuani hupaa anapovuta pumzi na kushuka anapoitoa. Mwaka 2018 Laurie Anderson wa Marekani, ambaye kabla ya hapo alipata kuwa msanii mkaazi wa NASA, shirika la anga la nchi yake, alishirikiana na Hsin-Chien Huang wa Taiwan kutengeneza To the Moon, kazi inayompeleka mtu kwenye mwezi wa kubuni ili asafiri humo kwa mwendo wake mwenyewe. Sayansi, safari za anga na sanaa zimekutana, na Kiswahili kinatakiwa kutoa jina la sanaa ya namna hiyo.

Majina mawili yamekwisha kutumika: sanaa ya mwingiliano na sanaa shirikishi. Kwa maoni yetu yote mawili yana upungufu. Lakini kabla ya kuyahukumu, yafaa tutazame jinsi lugha yetu ilivyopata maneno yake ya anga, kwa kuwa katika historia hiyo umo mfano mwema na umo mfano mbaya.

Kipimo chetu ni mji mdogo wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Wilayani humo wamo Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao lugha zao ni za Kibantu. Wamo Wadatoga, wasemao lugha ya Kiniloti. Wamo Wairaqw, wa lugha ya Kikushi. Na katika kijiji cha Munguli wamo Wahadzabe, ambao wataalamu hawajaweza kuthibitisha kuwa lugha yao ina jamaa yoyote. Mahali pachache duniani pana koo nne za lugha karibu namna hiyo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na neno ambalo mwalimu wa Nduguti ataliandika ubaoni bila kulazimika kulieleza kwa robo saa ni neno lililofaulu. Neno lililokubaliwa kikaoni Dar es Salaam, lisipofika huko, bado halijafika popote.

Tuanze na mfano mwema. Wabantu walikuwa na kilimia, lile kundi la nyota ndogo ambalo jina lake limetokana na kulima, kwa kuwa kuonekana kwake kuliwaonyesha watu majira ya kilimo. Umbo la neno hilo linapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, bara na pwani. Elimu ya falaki iliyokuja pamoja na Kiarabu iliongeza sayari na majina yake: Zuhura, Mirihi, Zohali, na Utaridi kwa ile iliyo karibu zaidi na jua. Mapokezi hayo hayakuua kitu. Mkulima aliendelea na kilimia chake, na mwenye kupiga falaki akapata Zohali yake.

Mfano mbaya ulikuja kwa njia ya shule. Baadhi ya waandishi wa vitabu, walipoifikia sayari ya Utaridi, hawakuuliza wazee wala hawakufungua kamusi ya zamani. Walilitazama jina la Kiingereza, wakaona kuwa ndilo jina la madini yale ya majimaji yanayotiwa katika kipimajoto, wakaandika Zebaki. Hivyo mwanafunzi akafundishwa kwamba sayari ya kwanza ni madini. Kosa hili limezoeleka kiasi kwamba hatutegemei kuling'oa, lakini tunalitaja kwa kuwa linaonyesha wazi hatari ya kufasiri neno la mwenzako badala ya kukitazama kitu chenyewe.

Enzi ya vyombo vya anga ilipoanza, Waswahili hawakuwa mbali nayo kama inavyodhaniwa. Marekani ilipotayarisha safari zake za kwanza za kupeleka watu angani, ilihitaji vituo vya kuongea na chombo kila kinapopita, na kimoja kiliwekwa Tunguu, kisiwani Unguja. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti ya Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sauti zilizomwita na kumjibu. Kituo kile kilizua ugomvi mkubwa wa siasa. Wapinzani wake walikiita kituo cha roketi, na neno hilo lilitosha kutia hofu, kwa maana roketi hubeba pia mabomu. Kwa kweli Tunguu hapakurushwa kitu; palikuwa na antena za kupokea na kupeleka sauti na ishara. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa mwaka huo huo. Hatusemi kwamba neno peke yake ndilo lililokifunga, maana siasa ya siku zile ilikuwa na mambo mengi mazito. Tunasema tu kwamba wananchi walijadili jambo kubwa bila kuwa na jina la kulitenga na jambo jingine, na mwenye kujua kazi za serikali atakubali kwamba hayo hutokea hata katika mambo yasiyo ya anga.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na miaka miwili baadaye, Julai 1969, watu wawili walitembea mwezini. Magazeti na redio havikuweza kungoja kamati. Maneno mengine yaliingia kwa kutoholewa, kama roketi na setilaiti. Mengine yalijengwa kwa matofali ya nyumbani, na bora kati ya hayo, kwetu sisi, ni mwanaanga. Aliyelisikia mara ya kwanza hakuhitaji maelezo, kwa sababu alikwisha kuwajua mwanamaji na mwanajeshi. Neno zuri jipya ni lile ambalo ndugu zake wamo tayari kinywani.

Kisha neno letu lenyewe likapaa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoipokea kazi hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Wanafalaki wa mataifa yote wanalitamka jina hilo hata leo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wageni ndio waliolichagua. Kiswahili kilitoa jina. Hakikuulizwa kitu kingine.

Miaka saba baadaye hakikutoa hata jina. Mwaka 1977 vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, vilipelekwa kupita sayari za mbali, na kila kimoja kilifungwa sahani ya santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kazi ya kuchagua yaliyomo iliongozwa na mwanafalaki Carl Sagan, naye alifanya kazi na mchoraji Jon Lomberg, Ann Druyan na wengine. Humo zimo picha zaidi ya 100, muziki wa karibu saa moja na nusu, na salamu katika lugha 55. Lugha ya Kiganda imo. Kinyanja kimo, na Kisotho, na Kiila cha Zambia. Wimbo wa wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo ya mashariki, umo, na picha ya Jane Goodall pamoja na sokwe wake wa Gombe, Kigoma, imo. Kiswahili hakimo. Lugha iliyoipa setilaiti jina mwaka 1970 haikusikika katika salamu za mwaka 1977.

Msomaji asidhani tunalalamika tu. Sahani ile inatuhusu kwa sababu nyingine: ni kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, nayo haikamiliki mpaka mtu huyo atende. Wapelekaji walitia ndani sindano ya kuchezeshea. Juu ya kifuniko walichora namna ya kuiweka sindano, mwendo wa mizunguko 16 na theluthi mbili kwa dakika, na ramani ya kuonyesha jua letu lilipo kwa kulipima na nyota 14 zinazopwitapwita. Asipokuwapo wa kuizungusha, ni kipande cha madini kinachoelea. Voyager 1 ilitoka katika eneo la upepo wa jua mwaka 2012, na mwenzake mwaka 2018, na wito bado haujaitikwa.

Neno hilo, kuitika, ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Nalo linaturudisha Mkalama. Wahadzabe wana ngoma iitwayo epeme, ambayo huchezwa usiku usio na mwezi. Moto huzimwa. Mwanamume huingia gizani mmoja mmoja, njuga mguuni na manyanga mkononi, na wanawake huimba kumwitikia. Hapo anga si pambo la sanaa. Giza la mwezi ni sharti lake. Wala hakuna mtazamaji, kwa kuwa hakuna kinachotazamika. Aliyepo ni mwenye kuita na mwenye kuitika, na mmoja akinyamaza ngoma imekwisha. Mtoto wa Munguli anayesoma shule ameijua sanaa ya namna hii kabla hajaona kompyuta, na mwenzake wa Kinyiramba ameijua katika vitendawili, ambavyo haviendi mpaka msikilizaji aitikie.

Sasa tuyapime yale majina mawili. Mwingiliano ni kuingia hiki katika kile: maji ya mito miwili huingiliana, na mipaka ya mashamba pia, lakini hakuna aliyesema na hakuna aliyejibu. Shirikishi lina nguvu zaidi, na walimu wanalipenda. Lakini kitenzi chake ni kushirikisha, na mwenye tendo ni yule anayeshirikisha, si anayeshirikishwa. Watumishi wa serikali wanayajua vema mambo hayo: mpango shirikishi mara nyingi ni mkutano ambao wananchi huitwa kukubali lililokwisha kuamuliwa. Sanaa tunayoisema si ya namna hiyo. Katika Osmose mtu asipopumua hakuna kinachopaa.

Kwa hiyo tunapendekeza sanaa itikivu. Ndugu zake wamo: kuitika, kuitikia, mwitikio, na kiitikio ambacho kila mwimbaji anakijua. Umbo lake linafuata sikivu na vumilivu, na halina kelele za ugomvi kama yangekuwa nazo maneno yaliyojengwa juu ya kujibizana. Wapo watakaosema kwamba kuitika ni kwa mdogo anapoitwa na mkubwa. Hoja hiyo ina uzito, maana adabu yetu ndivyo ilivyo. Lakini katika wimbo hata mzee huitikia, na wala hashuki cheo.

Linabaki jina la mtu mwenyewe. Mtazamaji halifai, na mtumiaji ni neno la dukani. Mwitikiaji limekaribia, ingawa huenda likawa zito kwa kichwa cha habari gazetini. Kuhusu epeme tunawashauri watunzi wa kamusi wasilifasiri kuwa ngoma ya gizani wala kwa namna nyingine, bali waliingize kama lilivyo, na kabla ya kuandika maelezo yake wawaulize wazee wa Munguli ni kiasi gani wanaridhia kiandikwe.